Metformini, glibenklamidi au insulini: mgonjwa wa sukari anayehofia vijinyama vya utumbo mpana achague nini?

Mgonjwa wa sukari wa Bukavu, mji wa Kivu Kusini mashariki mwa Kongo, awe ameandikiwa dawa katika kituo cha afya cha Kadutu au katika hospitali kubwa ya Ibanda, kwa kawaida hutoka na mojawapo ya dawa tatu: vidonge vya metformini, vidonge vya glibenklamidi au vya gliklazidi iliyo ya ukoo mmoja nayo, au sindano ya insulini. Dawa mpya zaidi zimeanza kutajwa, hasa na jamaa walio Ulaya na Kanada, lakini bei yake bado ni ya wachache. Uchaguzi kati ya dawa hizo hufanywa kwa kuangalia kiwango cha sukari, hali ya figo, uzito wa mgonjwa na uwezo wa familia. Siku hizi wagonjwa wanaongeza swali jingine: je, dawa ninayotumia inaongeza au inapunguza hatari ya vijinyama vya utumbo mpana, vile ambavyo baadhi yake hugeuka saratani? Ni swali halali, na halistahili kujibiwa kwa vitisho wala kwa maneno ya kubembeleza. Nitazilinganisha dawa hizo kwa kigezo hicho, na pale ambapo kigezo hicho kinapaswa kukaa nyuma ya vingine nitasema hivyo waziwazi, kwa sababu nimeona watu wakiacha dawa iliyowaweka hai kwa kuogopa ugonjwa ambao hawana.

Kwa nini sukari inahusiana na utumbo

Tafiti zilizokusanywa pamoja kutoka nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba mwenye kisukari cha aina ya 2 ana hatari ya saratani ya utumbo mpana inayoizidi ya mtu asiye nacho kwa takriban asilimia 20 hadi 30. Takwimu hiyo isisomwe vibaya. Haisemi kwamba kati ya wagonjwa 100 wa sukari, 30 watapata saratani. Inasema kwamba hatari ambayo kila mtu anayo tayari inapanda kidogo kwa mwenye sukari. Ila ugonjwa wenyewe si wa kudharauliwa: mwaka 2022 ulimwengu ulihesabu wagonjwa wapya wa saratani hii wapatao milioni 1.9 na vifo vipatavyo 900,000.

Saratani hiyo haizuki ghafla. Huanza na kijinyama kidogo kwenye utando wa ndani wa utumbo, ambacho madaktari hukiita adenoma. Adenoma nyingi hazifiki popote. Ile inayofikia milimita 10 au zaidi, au ambayo chembe zake zimeanza kupoteza mpangilio kwa kiasi kikubwa, ndiyo inayotia wasiwasi, na hata hiyo kwa kawaida huchukua miaka 10 au zaidi kabla ya kugeuka saratani. Muda huo mrefu ndio unaotoa nafasi ya kukiona kijinyama na kukiondoa.

Kiungo kati ya magonjwa haya mawili ni insulini yenyewe. Pamoja na kuingiza sukari ndani ya chembe, homoni hii huziambia chembe zikue na kugawanyika, na inashirikiana na homoni nyingine ya ukuaji iitwayo IGF-1. Katika kisukari cha aina ya 2, hasa kwa mtu mwenye kitambi, mwili huwa hausikii insulini vizuri, hivyo kongosho hutoa insulini nyingi mno kwa miaka mingi kabla ya kuchoka, na utando wa utumbo huishi katika mazingira hayo yanayouhimiza kukua. Ushahidi mmoja unaonisadikisha zaidi kuliko takwimu ni ule wa wagonjwa wa akromegali, ambao miili yao hutengeneza homoni ya ukuaji kupita kiasi: kwao vijinyama vya utumbo mpana huonekana mara nyingi kuliko kwa watu wengine, ingawa wengi wao hawakuanza na sukari.

Kwa hiyo swali la kuuliza kuhusu kila dawa ni hili: je, inapunguza insulini inayozunguka mwilini, au inaiongeza?

Metformini

Metformini hulizuia ini lisimwage sukari nyingi katika damu na huufanya mwili uisikie vizuri zaidi insulini uliyo nayo. Haikilazimishi kongosho kutoa zaidi. Sukari hushuka na insulini ya damuni nayo hushuka. Ndani ya chembe, dawa hii huamsha kimeng'enya kiitwacho AMPK, ambacho hufanya kazi ya kupunguza mwendo wa ukuaji nishati inapopungua. Kuna ugonjwa wa kurithi, wa nadra, uitwao Peutz-Jeghers, ambao wagonjwa wake huota vijinyama (polipu) vingi tumboni. Chanzo chake ni hitilafu katika jeni ya LKB1, na LKB1 ndiyo inayoamsha AMPK. Yaani njia ileile ambayo metformini huiamsha, ikiharibika tangu kuzaliwa, utumbo huota vijinyama. Jambo hilo peke yake halithibitishi kwamba kidonge kitamkinga mtu, lakini linaeleza kwa nini watafiti waliona inafaa kujaribu.

Jaribio lenyewe lilifanyika nchini Japani na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2016. Watu 151 waliokwisha kuondolewa vijinyama, na ambao hawakuwa na kisukari, waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walipewa metformini ya miligramu 250 tu kwa siku, wengine kidonge kisicho na dawa. Baada ya mwaka mmoja utumbo wao ulichunguliwa tena. Adenoma zilionekana kwa takriban asilimia 31 ya waliomeza metformini na kwa takriban asilimia 52 ya wale wengine. Ni tofauti kubwa, tena kwa kipimo kidogo sana kuliko kile cha miligramu 1,000 hadi 2,000 ambacho wagonjwa wetu wengi hutumia.

Hata hivyo mpaka wa jaribio hilo uonekane. Watu walikuwa wachache, muda ulikuwa mwaka mmoja, na walichokihesabu ni vijinyama, si saratani wala vifo. Tafiti nyingine nyingi zinazosifu metformini ziliangalia tu kumbukumbu za hospitali, na kumbukumbu zina mtego wake: mtu huhesabiwa kuwa mtumiaji wa dawa kwa sababu aliishi bila saratani hadi akaandikiwa dawa, kisha miaka ile ya kungoja inahesabiwa kama sifa ya dawa. Somo la tahadhari lilikuja mwaka 2022 kuhusu saratani ya matiti, ambako jaribio la kugawanya kwa bahati nasibu wagonjwa 3,649 wasio na kisukari halikuonyesha kwamba metformini iliwazuia kurudiwa na ugonjwa, ingawa tafiti za kumbukumbu zilikuwa zimeleta matumaini makubwa. Matiti si utumbo, lakini kosa la kutumaini haraka ni lilelile.

Uamuzi wangu juu ya metformini ni kwamba anayeistahili kwa ajili ya sukari yake ana sababu ya ziada ya kufurahi kuwa nayo. Asiye na sukari asiimeze kwa ajili ya utumbo.

Ina masharti. Figo zikiwa zimeshuka chini ya kiwango cha 30 katika kipimo cha uchujaji haitumiki, na chini ya 45 dozi yake hupunguzwa; kwa hiyo kreatinini, taka ya damuni inayoonyesha hali ya figo, ipimwe kabla ya kuanza na angalau mara moja kwa mwaka. Mwanzoni huleta kuharisha na kichefuchefu, ambavyo hupungua ikiwa dawa inaanza na kipimo kidogo na kumezwa pamoja na chakula.

Glibenklamidi na gliklazidi

Vidonge hivi hufanya kinyume: hukikamua kongosho kitoe insulini zaidi, iwe mtu amekula au hajala. Kwa hoja ya utumbo, hilo si la kupendeza, ingawa tafiti juu ya vidonge hivi na vijinyama hazijatoa picha moja ya kueleweka. Sitazitumia kumtisha mtu.

Sababu ya kuiogopa glibenklamidi ni nyingine na ni ya haraka zaidi: kushuka kwa sukari. Katika familia ambayo chakula cha kweli, ugali na sombe (majani ya muhogo) au sambaza (samaki wadogo wa ziwani), huja mara moja jioni, mzee aliyemeza glibenklamidi asubuhi anaweza kuanguka saa saba mchana akitokwa jasho na kusema maneno yasiyoeleweka, na jirani akadhani ni malaria au amerogwa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, linashauri watu wa miaka 60 na zaidi wasipewe glibenklamidi, bali gliklazidi pale ambapo kidonge cha kundi hilo kinahitajika. Kwa hiyo kati ya hizo mbili, gliklazidi iombwe, na ikiwa farmasi ina glibenklamidi peke yake, muuguzi aelezwe saa ambazo mgonjwa hula kwa kweli, si saa ambazo angependa kula.

Insulini

Hapa ndipo hofu ni kubwa na ndipo nataka kukaa zaidi.

Utafiti mmoja wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2004 ulitumia kumbukumbu za madaktari wa familia, ukaona kwamba wagonjwa wa aina ya 2 waliotumia insulini kwa mwaka mmoja au zaidi walikuwa na saratani ya utumbo mpana kiasi cha mara mbili ya wenzao wasioitumia. Habari kama hiyo ikifika kwa mgonjwa bila maelezo, chupa ya insulini hubaki kwenye friji ya jirani bila kufunguliwa. Lakini tuulize: ni nani hupewa insulini katika aina ya 2? Kwa kawaida ni yule aliyeugua miaka mingi, ambaye vidonge vimemshinda, ambaye sukari ilikaa juu muda mrefu na mara nyingi uzito pia. Mtu huyo alikuwa na hatari kubwa hata kabla ya sindano ya kwanza.

Jaribio la ORIGIN, lililotangazwa mwaka 2012, liliondoa sehemu kubwa ya utata huo. Watu 12,537 wenye kisukari au walio karibu nacho waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapewa insulini ya muda mrefu iitwayo glajini na nusu matibabu ya kawaida, wakafuatiliwa kwa miaka ipatayo 6. Saratani hazikuongezeka kwa waliopewa insulini. Naongeza neno moja la haki: miaka 6 ni mifupi kuliko safari ya adenoma hadi saratani, kwa hiyo jaribio hilo halifungi mjadala kwa mtu atakayetumia insulini miaka 20. Linatosha, hata hivyo, kukanusha madai kwamba sindano huleta saratani ndani ya miaka hiyo.

Kuna jambo la Kivu ambalo tafiti za Ulaya hazilizingatii. Wagonjwa wetu wengi si wanene. Wengine ni wembamba, walikua na njaa utotoni, na tatizo lao kubwa ni kongosho lisilotoa insulini ya kutosha. Mwezi Aprili 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilitangaza kutambua kisukari kinachotokana na utapiamlo kama aina ya 5. Ile hoja ya insulini nyingi inayohimiza vijinyama inamhusu mtu ambaye mwili wake umejaa insulini isiyosikiwa. Mtu aliyekonda kilo 15, anayekojoa usiku kucha na kunywa maji bila kutosheka, hana wingi huo. Sindano inamrudishia kilichopungua. Kumnyima insulini kwa ajili ya utumbo wake ni kumwua kwa jina la kumkinga. Na mtoto au kijana wa aina ya 1, ambaye kongosho lake karibu halitoi insulini kabisa, hana uchaguzi wowote wa kulinganisha: ni insulini, kila siku.

Ambapo uchaguzi upo, yaani kwa mtu wa aina ya 2 mwenye uzito mkubwa ambaye anahitaji insulini, jambo la busara ni kuibakiza metformini pamoja na sindano, figo zikiruhusu. Hivyo kipimo cha insulini kinachohitajika hupungua, na uzito hauongezeki sana.

Kuhusu kuihifadhi, Bukavu ina bahati ya ubaridi wake: mji uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500. Chupa ambayo haijafunguliwa inahitaji nyuzi 2 hadi 8, lakini iliyofunguliwa hukaa takriban wiki 4 katika chumba chenye kivuli, na chungu cha udongo chenye maji husaidia. Uvira, kwenye joto la Ziwa Tanganyika, hesabu ni ngumu zaidi. Gharama ndiyo inayouma: tangu Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23 na benki zikafungwa, familia nyingi zimelazimika kupima upya kila matumizi, na dawa inayokatika kila mwezi ni mbaya kuliko dawa ya pili kwa ubora inayopatikana mwaka mzima.

Dawa mpya

Sindano za kundi la semaglutidi hupunguza hamu ya kula na uzito. Utafiti wa kumbukumbu za Marekani uliochapishwa mwishoni mwa mwaka 2023 uliona kwamba walioanza na sindano za kundi hili walipata saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 44 pungufu kuliko walioanza na insulini, na asilimia 25 pungufu kuliko walioanza na metformini. Mtego wa kumbukumbu niliouelezea unahusu hapa pia, na zaidi upande wa insulini. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa za kundi hili katika orodha yake ya dawa muhimu, jambo linalotia moyo kwa siku zijazo. Kwa leo, simshauri mtu auze kiwanja ili azinunue kwa ajili ya utumbo. Empagliflozini na wenzake, vidonge vinavyotoa sukari kupitia mkojo, wana faida kubwa kwa moyo na figo, na hiyo ndiyo sababu ya kuwachagua.

Dalili ambazo dawa inaweza kuzificha

Sehemu hii, kwa maoni yangu, ina uzito kuliko ulinganisho wote wa vidonge, kwa kuwa hapa watu hupoteza miaka.

Metformini huharisha. Mtu anayeimeza akianza kuharisha baada ya miaka miwili ya utulivu, bila kubadilisha kipimo, asiseme ni dawa tu. Kadhalika damu chooni: kwetu kila damu huitwa amiba au bawasiri, na mgonjwa hununua Flagyl farmasini mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, bila choo kupimwa. Amiba ipo, na bawasiri zipo, lakini mtu wa miaka 45 na zaidi mwenye sukari ambaye damu inarudi baada ya tiba moja kamili anapaswa kuchunguliwa utumbo.

Upungufu wa damu nao unaweza kupotosha. Metformini ya muda mrefu hupunguza vitamini B12, na upungufu wa B12 huleta anemia yenye chembe nyekundu kubwa kuliko kawaida, pamoja na ganzi ya miguu ambayo hudhaniwa kuwa ya sukari yenyewe. Kijinyama kinachovuja damu kidogokidogo huleta anemia ya kukosa madini ya chuma, yenye chembe ndogo. Kwa hiyo karatasi ya maabara ikitoka, mgonjwa aulize chembe zake ni kubwa au ndogo. Zikiwa ndogo kwa mwanamume mtu mzima, au kwa mama aliyekwisha kukoma hedhi, na minyoo imetibiwa, asitosheke na vidonge vya kuongeza damu; utumbo uangaliwe.

Kuchungulia, na dawa za siku hiyo

Hakuna dawa ya sukari inayoshika nafasi ya kuangalia. Nchini Marekani, kumbukumbu za watu walioondolewa adenoma zilionyesha mwaka 2012 kwamba vifo vya saratani ya utumbo mpana vilipungua kwa takriban asilimia 53 kuliko vilivyotarajiwa. Huko uchunguzi hushauriwa kuanzia miaka 45, na mapema zaidi kwa mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua. Kwetu mashine ya kuchungulia haipo katika kila kituo, kwa hiyo njia ya busara ni kuanza na kipimo cha damu iliyofichika chooni kila mwaka, na kuweka akiba ya kolonoskopi (kuchungulia utumbo kwa mrija wenye kamera) kwa ajili ya yule ambaye kipimo chake kimetoa jibu baya, mwenye dalili, au mwenye historia katika ukoo.

Akipangiwa kolonoskopi, mgonjwa wa sukari asimeze dawa zake kama kawaida huku amefunga kula, wala asiziache zote. Metformini kwa kawaida haimezwi asubuhi ya uchunguzi, na hurudishwa mtu anapoanza kula. Glibenklamidi na gliklazidi huachwa mara tu anapopunguza chakula ili kusafisha tumbo, maana hapo ndipo sukari hushuka kwa hatari. Empagliflozini husimamishwa takriban siku 3 kabla, kwa kuwa kufunga kula juu yake kunaweza kuleta asidi ya ketoni katika damu hata sukari ikiwa si ya juu. Insulini ya muda mrefu hupunguzwa kwa kipimo kilichoandikwa na daktari, na kwa mwenye aina ya 1 haikatwi kabisa. Mgonjwa aombe saa za asubuhi na mapema, aende na mashine yake ya kupima sukari, na awe na chai ya sukari au maji ya tufaha yasiyo na rangi nyekundu, kwa sababu kinywaji chekundu ndani ya utumbo humfanya daktari adhani ameona damu. Na kwa kuwa sukari ya miaka mingi huufanya utumbo uwe mvivu, amwambie daktari mapema kama ana tabia ya kufunga choo, ili apewe siku moja zaidi ya kujisafisha.